Pua inatoka damu kila asubuhi, mafundi wanasema ndo ukomavu wa kazi. Nifanyeje?

Shikamoo mama. Pole na majukumu, najua unapokea barua nyingi ila naomba hii yangu uisome mpaka mwisho.

Mi ni kijana, nina mke na mtoto mmoja ndo kwanza anatambaa, nafanya kazi kwenye karakana ya kutia nikeli na kromu hapa Dar. Tunapokea bampa za magari, rimu za pikipiki, miguu ya viti vya saluni, vitasa, mabomba, chochote mteja anachotaka king'ae. Nilianza kule nyuma kwenye mashine ya polishi, baadae nikahamishiwa kwenye matenki, na tenki langu ni lile la mwisho kabisa, la kromu.

Sasa shida yangu. Kila nikiamka nikipenga kamasi inatoka na damu kidogo na magamba makavu, siyo damu ya kutisha, ila ni kila siku. Halafu kwenye vidole, hapa kwenye vifundo na pembeni mwa kucha, nina vidonda vidogo vya duara, kingo zake ngumu zimeinuka na katikati pamechimbika. Haviumi kabisa mama, na hicho ndo kinachonichanganya, maana ningekuwa nasikia maumivu ningeshaenda hospitali zamani, ila haviumi na pia haviponi.

Nilimwonyesha fundi wetu mkubwa, wote tunamwita Babu, akacheka. Akachukua uzi akauingiza tundu moja ya pua akautoa tundu ya pili, akasema ukifika hapa ndo umekomaa, ndo umekuwa fundi wa kromu. Wenzangu wakacheka na mi nikacheka nao, ila usiku sikulala. Babu mwenyewe akiongea haraka haraka pua inapiga mluzi.

Bosi wetu siyo mtu mbaya, mshahara hachelewi nao. Ametununulia barakoa zile za bluu za hospitali, glavu za kitambaa zenye mpira kwenye kiganja, na kila siku saa nne kila mtu anapewa pakiti ya maziwa, anasema maziwa yanasafisha kemikali mwilini. Feni ya kutoa hewa ipo, ipo ukutani nyuma ya pale ninaposimama, ila hata ikiwashwa macho yanawasha tu na koo linakereketa, hasa tukiweka mzigo mkubwa kwenye tenki.

Ovaroli anafua mke wangu, anafua kwa mkono kwenye beseni na maji yanageuka njano. Juzi kaniuliza hii njano inatoka wapi wakati ovaroli ni ya bluu, nikakosa jibu. Na beseni hilohilo ndo la nguo za mtoto.

Mwisho wa mwezi Babu anaacha kazi anarudi kwao Tanga, na bosi anataka mi ndo nishike nafasi yake, mshahara unaongezeka, na kuanzia hapo nitakuwa nachanganya dawa mwenyewe, yale magamba mekundu ya kwenye pipa. Mke anasema niache kazi kabisa. Mama mzazi anasema kazi hazipatikani nisije nikajuta. Na kuna jamaa wa duka la kemikali aliniambia kuna kromu nyingine ya kijani haina madhara hayo, nikampelekea bosi habari akasema huo ni utapeli.

Naomba uniambie ukweli mama, haya niliyonayo ni kromu au ni vumbi tu la polishi? Niache kazi au nikubali cheo?

Kijana wa Matenki, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Ni kromu. Sijakuona kwa macho na daktari ndo atakayethibitisha, ila damu na magamba puani pamoja na vidonda vya duara vilivyochimbika kwenye vifundo vya vidole, kwa mtu anayesimama juu ya tenki la kromiki asidi, yaani hiyo dawa ya kromu ya kwenye tenki lako, kila siku, hiyo picha inajulikana kwa waganga tangu zamani sana. Mwaka 1827 daktari mmoja wa Glasgow kule Scotland, William Cumin, alishaandika kuhusu vidonda hivihivi kwa watu walioshika kemikali za kromu. Mwaka 1890 mwenzake wa hukohuko, David Newman, akaripoti mfanyakazi wa rangi za kromu aliyepata saratani ndani ya pua. Kwahiyo hicho ambacho Babu anakiita ukomavu kina zaidi ya miaka 100 kinaandikwa kwenye vitabu vya udaktari kama ugonjwa wa kazini, na naomba kuanzia leo usikicheke tena, hata wenzako wakicheka.

Umeniuliza kwa namna fulani mbona vidonda haviumi. Vidonda vya kromu huwa haviumi, au vinauma kidogo mno, ndo tabia yake, na hapo ndipo vijana wengi wanapotea kwa sababu tumezoea kusubiri maumivu ndo tuende hospitali. Asidi inaingia pale ngozi ilipopasuka kidogo, kwenye mchubuko wa bampa au pembeni ya kucha, inakula taratibu kwenda chini. Puani ni hivyohivyo. Ule ukungu wa juu ya tenki unaouvuta una vitone, na vile vikubwa kidogo vinanasa hapo mbele kwenye ukuta unaotenganisha tundu mbili, halafu na kidole kilichoshika vyuma vya tenki kinaingia puani kutoa gamba, kinaongeza mzigo palepale. Nyama inakufa, gegedu la chini yake linakosa damu, mwisho panatoboka. Ikiwa bado ni kidonda tu kinaweza kupona ukiacha kuvuta ule ukungu. Ikishakuwa tundu haizibi yenyewe, Babu ni shahidi.

Kwahiyo jambo la kwanza kabisa, wiki hii usisubiri mwisho wa mwezi, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uombe kuonana na daktari wa pua, koo na masikio, na ukiingia usiseme tu "natoka damu puani" maana utapewa dawa ya mafua urudi nyumbani. Sema hivi: nafanya kazi kwenye tenki la kromu, navuta ukungu wa kromiki asidi, naomba uangalie ukuta wa katikati ya pua kama una kidonda au umetoboka. Mwonyeshe na vidole. Mwambie na habari ya kifua, kama unabanwa au unakohoa usiku, kwa sababu kromu hii inaleta pia pumu ya kazini. Omba aandike kazi yako kwenye cheti, hilo karatasi utalihitaji huko mbele. Magamba usiyachokonoe, na ukipaka mafuta ya mgando puani yatalainisha ila hayatazuia kitu kwenda mapafuni.

Sasa nikueleze unafanya kazi na nini, maana naona hakuna mtu aliyewahi kukukalisha akakueleza na hilo limeniuma.

Kromu ziko za aina nyingi ila mbili ndo za kuzijua. Kromu tatu ni ile ya kijani, hiyo ndo inatumika hata kwenye kusindika ngozi za viatu, madhara yake ni madogo kulinganisha. Kromu sita ndo ile iliyo kwenye tenki lako, nyekundu iliyokolea kama mvinyo, ukiichanganya na maji mengi inakuwa njano. Hiyo njano ya kwenye beseni la mke wako ndo hiyohiyo. Kromu sita inapenya ndani ya seli za mwili kirahisi, ikishaingia inaharibu vinasaba, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 1990 kwenye kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu. Ni saratani ya mapafu hasa. Na haiji kesho wala mwakani, inaweza kukaa miaka 20 au zaidi ndo ijitokeze, wakati huo mtu ameshaacha kazi na bosi ameshamsahau.

Na ule ukungu unatoka wapi? Wengi wanadhani ni mvuke wa joto, kama chai. Siyo. Ule umeme wa rektifaya, ile mashine inayolisha umeme tenki, unaopita kwenye tenki la kromu, sehemu kama asilimia 10 mpaka 20 tu ndo inayofanya kazi ya kubandika kromu kwenye bampa, uliobaki unaishia kuchemua maji kuwa gesi, haidrojeni upande wa mzigo na oksijeni upande wa zile sahani za risasi. Zile povu unazoziona zinapanda ndo gesi yenyewe, zikifika juu zinapasuka, na kila moja ikipasuka inarusha vitone vya asidi hewani. Ndo maana mkiweka mzigo mkubwa mkapandisha umeme koo linakukereketa zaidi. Tenki la nikeli halifanyi hivyo kwa kiwango hicho, kwa hiyo usishangae aliye pembeni yako yuko salama kidogo na wewe unaumia.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Marekani tangu 2006 sheria yao inasema mfanyakazi asivute hewa yenye kromu sita zaidi ya maikrogramu 5 (maikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni) kwenye meta moja ya ujazo kwa wastani wa masaa 8 ya kazi, na kabla ya hapo kiwango kilikuwa 52, wameshusha mara kumi baada ya kuona watu wanaugua. Taasisi yao ya utafiti wa afya kazini, NIOSH, inashauri hata chini ya hapo, 0.2. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa maikrogramu kama 60 hivi, kwahiyo kromu ya uzito wa punje moja tu inatosha kuchafua hewa ya chumba kidogo mpaka ifike kiwango hicho cha 5. Usiseme tena "mbona hakuna moshi sioni kitu". Ukiwa unaona ukungu wa njano juu ya tenki, au koo linakereketa, umeshapita kiwango mbali sana.

Nije kwenye feni, kwa sababu hapo ndo nimesimama nikasoma mara mbili. Umesema iko ukutani nyuma yako. Mwanangu, feni ikiwa nyuma yako na tenki likiwa mbele yako, ikiwashwa inavuta ukungu kutoka kwenye tenki, unapita usoni kwako ndo unaenda kutoka nje. Bosi wako amenunua feni kwa nia nzuri na amelipa umeme, na kila ikiwashwa wewe ndo unakuwa bomba la kupitishia. Hewa chafu inatakiwa ivutwe ikiwa bado iko kwenye ukingo wa tenki, kabla haijafika kwenye uso wa mtu. Mafundi bati wanaweza kutengeneza mfereji mrefu wa plastiki ya PVC wenye mdomo mwembamba, unafungwa ukingoni upande wa pili wa pale unaposimama, unaunganishwa na feni ya nguvu isiyoliwa na asidi na bomba linapanda juu ya paa, na kiwanda kilichokamilika kinaweka na chujio la kunasa asidi kabla haijatoka, ili majirani nao wasivute. Bati la kawaida litaliwa, usiruhusu.

Na kuna vitu vya gharama ndogo vya kuanza navyo wiki hiihii. Mipira midogo ya plastiki isiyoliwa na asidi inayoelea juu ya tenki, inafunika maji na povu zikipasuka zinapasukia chini yake. Mfuniko wakati tenki halitumiki. Ipo na dawa ya kupunguza ukungu, inashusha mvutano wa maji ili povu zipasuke kwa upole, ila nyingi za zamani zina kemikali za florini zisizooza kwenye mazingira, muuzaji aulizwe kabla ya kununua. Na umeme usipandishwe kupita kinachohitajika kwa sababu mteja amesimama mlangoni.

Barakoa ya bluu haifai hapo, naomba uniamini. Ile hewa inaingia pembeni mashavuni na haikutengenezwa kuchuja ukungu wa asidi. Mpaka mfereji ufungwe unatakiwa uvae ile maski ya mpira inayofunika pua na mdomo yenye vichujio viwili pembeni, vya daraja la P100 au P3, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama. Ukiivaa ziba vichujio kwa viganja uvute pumzi, maski inatakiwa ikunyonye usoni, isipokunyonya kuna pahala inavuja. Na ndevu unyoe, hapo hakuna njia nyingine, maski haikai juu ya ndevu. Glavu za kitambaa zitupeni zote, zinanyonya asidi zinaikalisha kwenye ngozi yako mchana kutwa. Chukueni glavu ndefu za PVC nene au neoprini zinazofika kwenye kiwiko, kila asubuhi jaza maji ndani uangalie kama zinavuja. Miwani ya kuziba, aproni ya PVC, na gambuti, suruali ikae nje ya gambuti siyo ndani, ili kinachomwagika kisiingie mguuni.

Maziwa kunywa ukipenda, ni chakula. Hayaondoi kromu mapafuni wala puani. Najua viwanda vingi vinagawa maziwa na wafanyakazi wanaona ni haki yao, mi sipingi mtu kupewa maziwa, napinga maziwa yakikaa mahali pa maski, na napinga zaidi mkiyanywa palepale jirani na tenki kwa mikono ambayo haijanawiwa, maana hapo mnaimeza. Kula, kunywa na sigara viwe nje ya chumba cha matenki baada ya kunawa mikono na uso. Na unawe kabla ya kwenda msalani, siyo baada tu, hilo wanaume wengi hawaambiwi.

Sasa hayo magamba mekundu ya kwenye pipa, ambayo wanataka uanze kuyachanganya. Hiyo ni kromu sita kavu yenyewe, kali kuliko ya tenki, vumbi lake ni baya kuliko ukungu. Inamiminwa kidogo kidogo kwenye maji, siyo maji kumwagiwa juu yake, na inatoa joto. Halafu ina tabia ambayo watu hawaijui, inawasha moto. Ikigusana na spiriti, thina, grisi, matambara yenye mafuta au vumbi la mbao inaweza kulipuka moto bila kiberiti. Karakana nyingi kitu kikimwagika wanakimbilia kumwaga maranda kukausha sakafu, kwa kromu msithubutu, tumieni mchanga mkavu. Na kama mna tenki la kopa linalotumia sianidi, ile sumu kali, asidi ya kromu na sianidi zisikutane popote, si kwenye ndoo, si kwenye mfereji wa maji machafu, zikikutana inatoka gesi ya kuua mtu ndani ya dakika chache. Naandika hivi kwa sababu Babu anaondoka na sijui kama amekurithisha hilo.

Ukirukiwa na asidi, vua nguo papo hapo na ujimwagie maji mengi ya bomba dakika 15 au zaidi, jichoni vilevile, usitafute dawa ya meno wala yai. Ikikumwagikia eneo kubwa kidogo, hata paja moja, nenda hospitali hata kama unajisikia mzima, kwa sababu kromu sita inaingia kwenye damu kupitia ngozi iliyoungua na inaweza kuua figo siku zinazofuata. Watu wamekufa kwa kuungua eneo dogo ambalo kwa maji ya moto wangepona. Aliyemeza asitapishwe.

Kuhusu nyumbani. Sitaki mke wako apate hofu kwamba mtoto ameshaumia, ila hakuna sababu ya yeye kupata hata tone. Ovaroli, gambuti na kofia vibaki kazini, bosi atafute namna ya kuvifua hukohuko, na maji yake yasimwagwe mtaroni. Oga kabla ya kutoka ama angalau nawa mpaka kwenye viwiko na ubadilishe nguo kabla ya kupanda daladala. Lile beseni libaki la kazi, nunueni jingine la mtoto. Na ikitokea kuna nguo iliyobaki nyumbani asiikung'ute, ailoweke, avae glavu, aisuuze peke yake. Mwangalie na mikono yake, kama ana upele wa kuwasha usioisha naye aende hospitali, kwa sababu ngozi ikishapata aleji ya kromu haisahau, mtu anakuja kuwashwa na saruji na hata viatu vya ngozi maisha yake yote.

Hapo kwenye saruji niwaguse na wengine wanaosoma. Mafundi ujenzi wanaopasuka mikono, saruji ina chembe za kromu sita, Ulaya tangu 2005 wanadai isizidi sehemu 2 kwa milioni na wanaongeza dawa ya chuma kuipunguza makali. Na nyie mnaochomelea stenlesi, ule moshi una kromu sita, hata kama hakuna tenki lolote karibu. Nanyi mambo ya kuvuta hewa kutoka pale moto ulipo yanawahusu.

Jamaa wa duka la kemikali hakukudanganya. Matenki ya kromu tatu kwa kazi za kung'arisha, yaani hizo bampa na miguu ya viti, yapo sokoni tangu miaka ya 1970. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 hauruhusu kutumia kromiki asidi bila kibali maalumu, na California wamepitisha kwamba kwa kazi za urembo kromu sita iondoke kuanzia 2027. Bosi ana haki ya kuogopa gharama, dawa yake ni ghali zaidi, zile sahani za risasi hazifai inabidi aweke nyingine, tenki likiingia uchafu wa chuma au kopa rangi inaharibika upesi, na mng'ao wake kwa baadhi ya dawa unakuwa mweusi kidogo wateja wanaweza kulalamika mwanzoni. Hayo ni ya kweli na mwambie unayajua. Ila hajawahi kupiga hesabu ya gharama anazoepuka za maji machafu, maana kromu sita haitakiwi kumwagwa, inabidi kwanza igeuzwe kuwa tatu kwa kemikali iitwayo metabaisalfaiti ikiwa kwenye asidi mpaka njano iwe kijani, kisha itiwe chokaa itulie chini kama tope na tope lichukuliwe na wenye kibali. Kama leo mnamwaga tu mtaroni, baraza la mazingira, NEMC, au Mkemia Mkuu wa Serikali wakija anaweza kulipa zaidi ya bei ya tenki.

Nimefika kwenye swali la cheo. Kwa hali ilivyo leo usikikubali, na wala usiache kazi kesho. Nenda kwa bosi ukiwa na cheti cha daktari mkononi, mwambie hivi kwa heshima: bosi nashukuru umeniamini, nipo tayari kushika matenki, ila mfereji wa kuvuta hewa ufungwe, maski na glavu zije, na mimi na wenzangu tupimwe, kabla ya hapo naomba nirudi upande wa polishi. Babu anaondoka. Wewe ndo unayelijua tenki lile na bosi anajua hivyo, hujawahi kuwa na nguvu ya kuongea naye kama mwezi huu na huenda usiwe nayo tena. Kama ni mtu mwema kama ulivyosema atasikiliza, wengi wao hawajui tu. Na huko kwenye polishi uvae maski yako hiyohiyo, vumbi la nikeli nalo siyo la kuvuta.

Akikataa, basi hapo mke wako yuko sahihi na mi nitasimama naye. Ufundi wa nikeli unaweza kuhama nao kazi nyingine, mapafu huwezi kuyabadilisha.

Haki zako uzijue. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape vifaa bure na awapeleke kupimwa afya mkiingia kazini, mkiwa kazini na mkitoka, na wakala wa serikali, OSHA, wana wakaguzi wanaoweza kuja kupima hata hewa ya chumba. Unaweza kuwapelekea malalamiko, eleza vitu vya kuonekana: tenki la kromu halina mfereji wa kuvuta hewa, feni iko nyuma ya mfanyakazi, wafanyakazi wana vidonda, mmoja ametoboka pua. Vitu vya namna hiyo mkaguzi akifika anaviona kwa macho. Kama mko kwenye chama cha wafanyakazi, TUICO, katibu wa tawi awe anajua kabla hujaenda. Na ukifukuzwa kwa sababu umelalamika usikae nyumbani ukilia, una siku 30 tu za kufungua shauri CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi ya migogoro ya kazi, zikipita inabidi uanze kuomba ruhusa ya kuchelewa.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwajiri ndo anachangia, wewe hukatwi hata shilingi, na unalipia ugonjwa uliotokana na kazi kama unavyolipia ajali. Uliza kama mmesajiliwa. Daktari akishasema ni ya kazini, taarifa iende mapema mwaka usipite.

Na Babu asiondoke mikono mitupu. Kabla hajapanda basi la Tanga apimwe afya ya kutoka kazini, na bosi amwandikie barua yenye tarehe aliyoanza na aliyoishia, na iandikwe kabisa kwamba muda huo alikuwa kwenye tenki la kromu. Akija kukohoa miaka ijayo daktari wa huko ataanzia mahali sahihi, na hata mfuko hauwezi kumwambia alete ushahidi ambao karakana yenyewe imeshaupoteza. Wewe ndo mwenye kujua kusoma mambo haya hapo kazini sasa, kaa naye jioni moja umsaidie kuiandika, halafu mkaipeleke kwa bosi wote wawili akaweke sahihi na mhuri.